Msumeno wa Nakshi: Pa Kuushika Kabla ya Kuulipia

Msumeno wa nakshi wa umeme, ule unaokaa juu ya meza wenye mkono mrefu na bledi nyembamba inayopanda na kushuka, ni mashine nyepesi kuielewa. Mota inazungusha gurudumu dogo, gurudumu linatikisa mikono miwili, mikono inaivuta bledi juu na chini. Kwa kuwa ni rahisi hivyo kuiunda, madukani imejaa misumeno inayolingana karibu kila kitu isipokuwa rangi na jina, na mnunuzi huishia kuchagua kwa wati, inchi na bei. Namba hizo tatu hazitakwambia kama msumeno utadumu. Msumeno wa aina hii huchakaa kwanza mahali pawili: kwenye vibano vinavyozishika ncha za bledi, na kwenye maegemeo ambapo mikono inachezea. Hapo hapo pia ndipo utakapokuchosha au kukuridhisha. Ukienda kuutazama, mpya au mtumba, mikono yako ianzie hapo.

Nazungumzia hasa daraja la inchi 16, yaani misumeno yenye nafasi ya milimita 405 hivi kutoka bledi hadi nguzo ya nyuma. Ndiyo anayoanza nayo mtu anayetengeneza kwa mapenzi yake rehali, fremu za picha, hereni za mbao, herufi za kubandika mlangoni au mafumbo ya vipande kwa watoto. Nyingi zina mota ya wati 90 hadi 120 na uzito wa kilo 10 hadi 15. Usihangaike kutafuta nafasi kubwa kuliko hiyo. Milimita 405 zinatosha kuzungusha ubao mkubwa kuliko utakaoutaka mara nyingi, na fedha za ziada ni afadhali ziende kwenye vibano vizuri.

Vibano

Bledi za msumeno huu ni za namna mbili. Namna ya kwanza ina kipini kidogo kilichopigiliwa kila ncha. Unaitundika kwenye ndoano, unakaza, umemaliza. Namna ya pili ni ncha tupu, urefu wa inchi 5, yaani milimita 127 hadi 130, na inashikwa kwa kibano cha skrubu. Muuzaji atakusifia ile ya vipini kwa sababu kuibadilisha ni kufumba na kufumbua. Hasemi uongo, ila kipini hakipiti kwenye tundu dogo. Kinadai tundu la milimita 5 hivi, na nakshi nyingi zina matundu madogo kuliko hapo. Bledi ya ncha tupu namba 5, ambayo ndiyo ya kazi za kila siku, ina upana wa karibu milimita 1 na unene usiofika nusu milimita. Zilizo nyembamba zaidi zinapita kwenye tundu la drili ya milimita 1. Kwa hiyo msumeno unaopokea bledi za vipini peke yake uuache, hata ukipunguziwa bei hadi nusu. Unaopokea zote mbili ni sawa, mradi ile adapta ya ncha tupu imo ndani ya boksi na umeiona kwa macho.

Kuna faida nyingine ya ncha tupu ambayo watu wengi wa huku hawaijui. Bledi za sonara, zile anazokatia dhahabu na fedha kwa msumeno wa mkono, nazo kwa kawaida zina urefu wa milimita 130 na ncha tupu. Meno yake ni madogo na makali, yametengenezwa kwa ajili ya metali, kwa hiyo kwenye mbao nene zinakwenda polepole, lakini kwenye shaba, mfupa, pembe ya ng'ombe au kipande chembamba cha mpingo zinakata safi. Mahali ambapo duka la vifaa vya mbao halina bledi, jaribu mtaa wa masonara.

Sasa mwombe muuzaji akuachie ufunge bledi mwenyewe. Usikubali akufungie yeye, kwa sababu yeye ameshazoea. Chomoa waya wa umeme kwanza. Legeza kibano cha juu, toa bledi, irudishe, kaza. Angalia mambo haya: je, vidole vyako vinatosha, au lazima utafute ufunguo mdogo wa pembe sita? Ufunguo ule unapotea kwenye unga wa mbao, na kila ukiuzungusha unakula pembe za skrubu mpaka siku moja unazunguka bure. Je, skrubu inaingia kwenye chuma au kwenye alumini laini? Uzi uliochongwa ndani ya alumini hunyofoka, na kibano kilichonyofoka uzi mara nyingi hakina dawa zaidi ya kununua kingine. Tazama pia ncha ya skrubu inayogusa bledi. Inatakiwa iwe bapa na inyooke na ukuta wa upande wa pili. Ikiwa ya duara au imekaa mshazari, itaipinda bledi inapoishika, na bledi iliyopindwa kwenye ncha itakatika hapo hapo kabla meno hayajaisha.

Kwa nini niling'ang'anie jambo dogo hivi? Chukua ubao wa rehali wenye matundu arobaini ya nakshi. Kila tundu linataka ulegeze mkazo, ufungue ncha ya juu, upenyeze bledi kwenye ubao, ufunge, ukaze tena. Kama kazi hiyo inakuchukua dakika 2, utatumia saa 1 na dakika 20 bila kukata hata unyoya. Kama inakuchukua nusu dakika, ni dakika 20 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama rehali itamalizika au itabaki nusu nyuma ya mlango.

Mahali mkazo unapokazwa pana uzito huo huo. Kwenye misumeno mingi ya bei nafuu kuna kirungu nyuma kabisa ya mkono, na inabidi uinuke au uupitishe mkono juu ya mashine kukifikia, kisha ukisie umekizungusha mara ngapi. Kwenye iliyofikiriwa vizuri kuna wenzo mbele, karibu na bledi: unauinua, mkazo unaondoka, unaurudisha, mkazo unarudi ule ule. DeWalt DW788, msumeno wa inchi 20 wenye uzito wa kilo 25 hivi, umeweka wenzo, swichi na kirekebisha mwendo vyote juu ya mkono wa mbele, na kwa sehemu kubwa ndiyo sababu wapenzi wa kazi hii wameushika miaka yote hii. Bei yake si ya anayeanza. Lakini ukiukuta mahali, ujaribu ili mikono yako ijue unachokitafuta unapogusa ule wa bei ndogo.

Kujua kama mkazo unatosha, gusa bledi kwa ukucha kama uzi wa gambusi. Itoe mlio mwembamba na wazi. Ukiisukuma pembeni kwa kidole isisogee zaidi ya milimita 3. Baada ya hapo washa msumeno dakika 2, uzime, uguse tena. Mlio ukiwa umeshuka, bledi inateleza kwenye kibano. Kabla hujailaumu mashine, ipe nafasi moja: bledi mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo futa ncha zake mbili kwa kipande cha msasa, funga upya. Ikiteleza tena, kibano ndicho kibovu.

Maegemeo na mikono

Toa bledi kabisa, mashine ikiwa imechomolewa. Shika ncha ya mkono wa juu kwa vidole viwili, usukume kulia na kushoto taratibu. Mkono mrefu wa chuma lazima unyumbuke kidogo, na hilo halina ubaya. Unachokitafuta ni ule mgongano mdogo, "tak", unaousikia kwa vidole kabla ya masikio. Kuutenganisha na kunyumbuka, weka kidole gumba cha mkono wa pili juu ya egemeo lenyewe, nusu kwenye mkono na nusu kwenye nguzo, halafu sukuma tena. Ukisikia vipande viwili vinapishana chini ya kidole, beringi au bushi imekwisha, au haikuwahi kukaa vizuri tangu kiwandani. Fanya vivyo hivyo kwa mkono wa chini. Watu husahau wa chini kwa kuwa umejificha chini ya meza, na ndio unaokula vumbi lote.

Muulize muuzaji ndani ya maegemeo mna nini. Beringi zinabadilishika kwa fundi yeyote, na mara nyingi saizi yake inapatikana dukani. Bushi za shaba zinadumu zikitiwa tone la mafuta mara kwa mara, kwa hiyo tazama kama kuna tundu la kutilia mafuta au kama lazima ufumue mashine nzima. Bushi za plastiki si lazima uzikimbie, lakini zikiisha utamtegemea aliyekuuzia. Ikiwa hajui, mwombe afungue jalada la pembeni. Muuzaji anayekataa kufungua jalada la skrubu nne amekujibu.

Mikono yenyewe huunganishwa kwa namna mbalimbali. Iliyo ya kawaida sasa ni mikono miwili sambamba, kila mmoja na egemeo lake nyuma, na bledi inashuka karibu wima. Mingine ina mkono mmoja uliopinda wa umbo la herufi C, wenye egemeo moja. Huo huirusha bledi mbele na nyuma inapopanda na kushuka, unakata kwa kasi lakini kwenye kona kali unaharibu. Aina ya tatu, iliyo ghali zaidi, imetuliza mikono mirefu na kuacha vipande vifupi vya mbele tu ndivyo vicheze, na mtikisiko unapungua sana. Kama hujui uliyo mbele yako ni upi, simamisha skwea nyuma ya bledi, zungusha mota kwa mkono taratibu, utazame mwanga kati ya bledi na skwea. Mwanga ukibaki vile vile kutoka juu hadi chini, bledi inakwenda wima. Ukipanuka na kufinyika sana, itakusumbua kwenye nakshi ndogo.

Jaribio linalofuata nalithamini kuliko yote, na linataka kipande cha mbao cha unene wa milimita 40 tu. Hakikisha meza imewekwa kwenye sifuri. Washa, kata milimita 3 tu ndani ya ubavu wa kipande, zima. Sasa kizungushe kipande upande wa nyuma ya bledi, bila kukibinua juu chini, ulete ule mkato uuguse mgongo wa bledi. Bledi ikiingia kwenye mkato kuanzia juu hadi chini, meza na bledi vimekaa nyuzi 90. Ikiingia juu na kukataa chini, vimepishana, na kosa unaloliona ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo hata dogo linajitokeza. Rekebisha meza, urudie. Meza ikikubali kurekebishwa na kubaki hapo, umepata msumeno wenye adabu. Kama kila ukijaribu upya unapata jibu jingine, rudi kwenye maegemeo. Kuna kinachocheza ambacho vidole vyako havikukigundua.

Mtikisiko usiuhukumu mashine ikiwa juu ya kaunta ya kioo au meza ya miguu myembamba. Msumeno usiofungwa kwa bolti hutikisika hata ukiwa mzuri. Mwombe muuzaji auweke sakafuni au juu ya benchi nzito. Kisha simamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza ya msumeno, uanze na mwendo wa chini kabisa, upandishe polepole. Karibu kila msumeno una mwendo mmoja unaotetema kuliko mingine, na hapo sarafu itaanguka. Kama ni sehemu moja ndogo ya kipimo, utaikwepa unapofanya kazi. Sarafu isiposimama hata kwenye mwendo mmoja, angalia kiunzi cha chini: cha bati lililokunjwa huimba pamoja na mota, cha chuma cha kusubu hunyamaza. Uzito hapa ni sifa.

Mota na umeme

Mota ndiyo inayosifiwa sana kwenye boksi, na ndiyo inayokufa kwa nadra, kwa sababu bledi ya milimita 1 haiwezi kuichosha. Iendeshe dakika 10, weka kiganja juu ya nyumba yake. Joto la kuvumilika ni la kawaida. Harufu ya waya kuungua si ya kawaida. Kama ni mota ya kaboni, tafuta vizibo viwili vya plastiki pembeni mwake. Vikiwepo, kubadilisha kaboni ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Kinachokufa zaidi ni kile kisanduku cha kurekebisha mwendo: unga laini unaingia ndani ya kirungu chake na mashine inaanza kuruka, mara kasi mara polepole. Zungusha kirungu kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa usikilize kama mwendo unapanda bila kukatika. Mwendo wa mipigo 400 hadi 1,600 kwa dakika unatosha kila kitu. Muhimu zaidi ni ule wa chini, kwa sababu plastiki huyeyuka na shaba hupata moto ukikata kwa kasi. Kwenye mwendo wa chini, sukuma kipande cha mninga cha milimita 18. Bledi ikisimama, mota haina nguvu pale unapoihitaji.

Kwa wanaonunua mtumba, au wanaoletewa na ndugu, someni kibati cha umeme kabla ya kuangalia kitu kingine. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia volti 230 hadi 240, hezi 50. Msumeno uliotoka Uingereza, Ujerumani, Oman au Falme za Kiarabu utaingia bila taabu, isipokuwa wa Ujerumani utataka plagi nyingine. Uliotoka Marekani ni wa volti 120 na wa Japani ni wa volti 100. Ukiuchomeka hivi hivi ukutani utaua mota au kisanduku cha mwendo papo hapo. Unaweza kuutumia kwa transfoma, na kwa mashine ndogo hivi transfoma ya wati 300 inatosha, ila weka bei yake kwenye hesabu. Kama mota si ya kaboni bali ile ya kawaida inayofuata hezi za umeme, iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka huku kwa pungufu ya sehemu moja ya sita. Itafanya kazi, ila polepole kuliko kibati kinavyosema.

Mengine, kwa haraka

Mwendo wa bledi juu na chini uwe milimita 18 au zaidi. Ukiwa mfupi, meno yale yale machache yanafanya kazi yote na unga haupandi kutoka kwenye mkato. Meza pitishia rula ya chuma: ikiwa na bonde katikati, vipande vyembamba vitapigapiga. Alama za nyuzi zilizochorwa chini ya meza usiziamini kwenye msumeno wowote, tumia skwea.

Kipulizia unga mara nyingi ni kimfuko cha mpira kinachobanwa na mkono unaposhuka, na bomba lake la plastiki hukatika mapema. Usikatae msumeno kwa sababu hiyo, bomba la pampu ya samaki wa mapambo huziba pengo. Lakini kipulizia hakiyalindi mapafu yako, kinaondoa tu unga juu ya mstari wa penseli. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchokoza pumu, na la mpingo si la kuchezea. Vaa barakoa nzuri, na fanyia kazi penye hewa.

Ule mguu unaokandamiza ubao wengi huung'oa kwa sababu unaziba macho. Kwa anayeanza nashauri uubakize mpaka mkono ujue kuushikilia ubao, kwa maana bledi inapopanda huunyanyua na kuupigiza mezani.

Kuhusu unene, boksi likiandika milimita 50 lisikupe matumaini. Kwa mninga au mkongo, fanya hesabu ya milimita 20 hadi 25. Kwa mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, milimita 10 kwa bledi mpya ni kazi ya kutosha. Bandika selotepu pana ya kufungia maboksi juu ya mstari, mkato hautaungua upesi. Ukiona msumeno unavuta upande wa kulia hata ukifuata mstari, usikimbilie kuurudisha dukani. Bledi nyingi zina ukali zaidi ubavu mmoja kwa jinsi zinavyochongwa, na dawa yake ni kuuingiza ubao kwa mshazari kidogo.

Ukishaamua

Nenda dukani na vipande vyako mwenyewe: plaiwudi ya milimita 3, mninga wa milimita 18, na duara la ukubwa wa sarafu limechorwa kwenye vyote viwili. Toboa tundu ndani ya duara nyumbani kabla ya kwenda. Fungua bledi, ipenyeze, funga, kata duara, fungua, toa. Rudia kwenye kipande cha pili. Baada ya hapo utakuwa umegusa kila kitu nilichokieleza, na utajua kama mgongo wako unaukubali urefu wa ile mashine na kama swichi unaifikia bila kuuachia ubao. Swichi iliyo nyuma au chini ya meza ni sababu ya kutosha ya kuomba upunguziwe, au ununue ya kukanyaga kwa mguu.

Siku hiyo hiyo, kabla hujalipa, uliza bei ya vibano vya juu na chini kama spea, na kama vipo. Vikiwepo, nunua jozi moja zaidi pamoja na dazeni mbili za bledi, namba 3 na namba 5. Visipokuwepo dukani, mwulize fundi wa kukereza vyuma aliye karibu nawe kama anaweza kukuchongea vya chuma, na umwoneshe picha kabla hujatoa fedha. Ukiufikisha nyumbani, ufunge kwenye benchi kwa bolti nne ukiwa umeweka kipande cha tairi kuukuu chini ya kila mguu, ufanyie kazi kama wiki mbili, kisha chomoa waya, fungua jalada, na ukaze upya kila nati unayoiona ndani. Katika wiki hizo za mwanzo ndipo zinapolegea.